Dhiki Haimfundishi Daktari

Katika hospitali nyingi za kufundishia kuna maneno ambayo daktari kijana huyasikia kabla hajamaliza wiki ya kwanza wodini. Akionekana anasinzia juu ya faili, au machozi yakimlenga baada ya mgonjwa wake kufariki, mkubwa wake humwambia kwamba udaktari hufundishwa hivyohivyo. Kwamba enzi zao zamu zilikuwa ndefu zaidi, wakubwa walikuwa wakali zaidi, posho ilikuwa kichekesho, na bado walitoka madaktari. Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Anayeyasema mara nyingi ni mtu hodari wa kazi, na anaamini kwa dhati kwamba taabu ndiyo iliyomfinyanga. Makala haya yanadai kwamba anakosea, na kwamba kosa lake lina gharama ambayo mgonjwa naye huilipa.

Ushahidi wa dai hilo upo Tabora na kando ya njia ya zamani ya misafara, njia ambayo katika karne ya 19 iliwafinyanga wengi na kuwavunja wengi zaidi.

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa kama kilomita 800, na wapagazi waliukata kwa miguu kwa miezi miwili au mitatu, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Tabora njia iligawanyika: tawi moja lilikwenda Ujiji, jingine likapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, jingine likashuka kusini magharibi hadi Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Leo daktari mtarajali hushuka katika mji huohuo kwa treni au basi. Amemaliza miaka mitano ya chuo kikuu, na umebaki mwaka mmoja wa utarajali kabla hajasajiliwa kuwa daktari kamili. Pengine amezaliwa Mtwara au Moshi, hajawahi kuiona Tabora, na bibi wa kwanza atakayemsalimu wodini kwa kumwambia “mwangaluka” atamkuta kijana ameduwaa, hajui aitikie nini. Ana sanduku moja, ana deni la mkopo wa masomo, na ana mtu aliyemwacha mbali ambaye kila usiku humpigia simu kumuuliza kama amekula. Jambo la mwisho hilo halimo katika fomu yoyote aliyojaza.

Agosti 1873 walifika Tabora Waingereza watatu waliotumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kumsaidia David Livingstone. Mkuu wao alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron, na daktari wao alikuwa William Dillon, mganga wa jeshi la majini. Mwenzao wa nne, mpwa wa Livingstone, alikuwa amekwisha kufa kwa homa kabla hawajafika mbali kutoka pwani. Huko Kwihara, nje kidogo ya Tabora, walikaribishwa katika tembe lilelile ambalo Livingstone alikaa mwaka uliotangulia, na hapo wakalala wagonjwa kwa wiki nyingi. Homa iliwapanda na kushuka, macho yakawauma hadi kuona kukawa shida. Oktoba ukaja ujumbe kwamba yule waliyetumwa kumsaidia amekwisha kufa, na kwamba watu wake wako njiani wanaileta maiti yake. Cameron aliamua kuendelea na safari kuelekea magharibi. Dillon, ambaye hali yake ilikuwa mbaya zaidi, alikubali kurudi pwani pamoja na mwenzao wa tatu na maiti ile. Hawakufika mbali. Tarehe 18 Novemba 1873, katika kijiji cha Kasekera, Dr. Dillon alijitoa uhai.

Si haki kumhukumu marehemu, wala si haki kudai kwamba kisa chake kina sababu moja. Homa ilikuwa imemvuruga akili, na ugonjwa wa tumbo ulikuwa umemmaliza nguvu. Lakini mtu wa tiba akikisoma kisa hiki hawezi kuliruka jambo moja: katika msafara ule Dillon ndiye aliyekuwa daktari peke yake. Alikuwa mgonjwa, naye ndiye tabibu wa wagonjwa wenzake. Hapakuwa na mwingine mwenye wajibu wa kumtazama yeye, kumpima joto, kumnyang’anya bunduki na kukaa kando ya kitanda chake. Wenzake walimpenda, hilo halina shaka, ila nao walikuwa hoi. Dhiki aliyokuwa nayo ilitosha kuwafundisha madaktari kumi, kama kweli dhiki hufundisha.

Livingstone mwenyewe ana kisa kinachofaa kuwekwa kando ya hicho. Naye alikuwa daktari, tena aliyesoma kwa shida: mtoto wa kiwanda cha pamba huko Scotland, aliyefanya kazi kiwandani ili apate ada ya kusomea tiba Glasgow, akapata leseni mwaka 1840. Mwanzoni mwa 1869, akiwa magharibi ya Ziwa Tanganyika, mapafu yake yaliugua vibaya hata hakuweza kutembea. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa miaka miwili kabla. Aliyemtibu na kuamuru abebwe kwa machela hadi ziwani, akavushwa mpaka Ujiji, ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa misafara. Bwana huyu alishiriki katika biashara ya pembe na watumwa, biashara ambayo Livingstone aliichukia na kuipiga vita kwa kalamu yake yote. Huo ndio uhusiano uliomwokoa: haukuwa safi, haukuwa wa kuchagua, lakini ulikuwepo. Alipofariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, watu aliosafiri nao, Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, waliibeba maiti yake hadi Bagamoyo, wakapita Tabora, wakiwa njiani kwa miezi mingi. Hakuna mshahara uliowalazimisha kufanya hivyo.

Njia yenyewe haikuwa ya huruma. Mpagazi aliyeshikwa na ndui mara nyingi aliachwa kando ya njia, na misafara ya nyuma iliikuta mifupa. Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa kazi ya upagazi, walilijua hilo kuliko yeyote, na kwa sababu walilijua walijiwekea kinga. Walisafiri kwa vikundi vilivyopika pamoja na kulala pamoja. Na pale walipopita katika nchi za watu wengine ulikua utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo au Wazigua, ambao siku hizi unachukuliwa kuwa mchezo wa kutukanana harusini. Utani ulikuwa na upande mzito. Mtani alimpa mgeni chakula, alimwombea njia kwa wenyeji, na mgeni akifa mbali na ndugu zake, mtani ndiye aliyeshughulika na mazishi. Watu wale hawakuiona taabu ya njia kuwa mwalimu. Waliiona kuwa hatari, wakaizungushia watu.

Hospitali ya leo ingefaidika kuusoma utani kwa makini kuliko inavyosoma miongozo kadhaa inayotoka nje.

Hata hivyo, mfano ulio karibu zaidi na daktari aliye katika mafunzo ni wa mtu aliyeipita njia hiyo mwaka 1888 akiwa na cheti chake kipya cha tiba. Jina lake ni Adrian Atiman. Alizaliwa miaka ya 1860 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo sasa ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, na mwishowe akauzwa kwa wamisionari wa Shirika la White Fathers nchini Algeria, waliomnunua ili kumwacha huru. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo lililokuwa geni kwa zama zake: Waafrika waliokombolewa wasomeshwe tiba, kisha warudi katika bara lao kuishi kama Waafrika wengine, wale chakula cha wenyeji, waoe huko, watibu watu na kufundisha dini. Mwaka 1881 chuo cha vijana hao kilifunguliwa Malta, wakawa wakihudhuria masomo ya tiba ya chuo kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alikuwa miongoni mwao. Mpango ule haukudumu. Kabla ya karne kwisha chuo kilikuwa kimefungwa. Lakini mwaka 1888 kijana huyu, ambaye pengine alikuwa na umri wa miaka 22, alikuwa amehitimu na kuanza safari ya Afrika Mashariki.

Msafara wake uliifuata njia ya Bagamoyo na Tabora. Ni vigumu kuliwaza hilo bila kusimama kidogo. Njia aliyoipanda ndiyo iliyowateremsha watumwa na pembe za ndovu kwenda pwani, na Tabora ulikuwa mmoja wa miji mikubwa ya biashara hiyo. Mtu aliyevushwa jangwa akiwa mateka alikuwa sasa anatembea kwenye njia ya namna ileile, akiwa na sanduku la dawa. Mwaka 1889 alifika Karema, kituo ambacho Wabelgiji walikijenga mwaka 1879 na kukikabidhi kwa wamisionari mwaka 1885, mahali palipokuwa kimbilio la watu waliotoroka au kukombolewa kutoka mikononi mwa wateka watu. Hakuondoka tena. Alitibu Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 katika kituo kimoja. Wapo madaktari leo wanaohesabu miezi.

Mwanafunzi wa tiba akisimuliwa habari hii, mhadhiri hushawishika kuihitimisha kwa haraka: tazameni, mtoto aliyeteswa kiasi kile ndiye aliyekuwa tabibu mvumilivu, nyinyi mnalalamikia nini? Hitimisho hilo halisimami. Watoto waliovushwa Sahara walikuwa wengi, na mateso yao yalikuwa yaleyale. Wengi walikufa njiani, wengine waliuzwa na kuishi na kufa bila ya jina lao kuandikwa popote. Kama mateso yangekuwa chuo, Afrika ya karne ya 19 ingejaa wahitimu. Kilichomtofautisha Atiman ni watu aliokutana nao baada ya mateso, na yale waliyofanya pamoja naye.

Watu hao wanastahili kutazamwa mmojammoja. Walikuwapo waliomkomboa. Hisani yao haikuwa bila masharti: mtoto aliyenunuliwa alilelewa kwa mapenzi ya mnunuzi, dini yake, jina lake na kazi yake vikapangwa na wengine, na msomaji wa leo ana haki ya kukunja uso. Bado ni wao waliomwona mtoto mtumwa wakadhani anaweza kusoma anatomia, katika zama ambazo Wazungu wengi waliliona wazo hilo kuwa upuuzi. Mwanafunzi yeyote anahitaji mtu mmoja angalau aliyemdhania hivyo kabla hajadhaniwa na cheti. Walikuwapo pia vijana wenzake wa Malta, waliokombolewa kama yeye, ambao hawakuhitaji kuelezwa ndoto mbaya ya usiku ilihusu nini.

Kisha yupo Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende, ambaye Atiman alimwoa baada ya kufika Karema. Ndoa hiyo nayo ilikuwa sehemu ya mpango wa misheni, na haifai kuivika mavazi ya hadithi ya mapenzi. Lakini ipimwe kwa macho ya mahali pale. Katika jamii za magharibi ya Tanzania za wakati ule, mtu asiye na ukoo alikuwa katika hatari, kwa kuwa mtumwa alikuwa ndiye hasa mtu aliyekatwa kutoka kwa ndugu zake. Atiman alifika akiwa hivyo: mgeni, hana baba wala mjomba wa kumsemea, lugha hazijui. Kwa ndoa alipata mkwe, akapata mashemeji, watu wakapata namna ya kumwita. Mgonjwa aliyeletwa kwake hakuletwa tena kwa mgeni wa Wazungu. Aliletwa kwa mkwe wa watu, ambaye akikosea kuna mahali pa kumshitaki, na akifaulu kuna mahali pa kumpelekea kuku. Mtoto wao, Joseph, alikua hapo na baadaye akawa padre.

Na walikuwapo waganga wa Karema. Atiman hakuridhika na dawa za sandukuni, ambazo ziliisha mapema na kuchelewa kuletwa. Alijifunza miti na mizizi ya wenyeji na kuitumia pamoja na elimu aliyoipata Malta. Ili kujifunza mti, lazima uongozane porini na anayeujua, na akuamini. Mtu mwenye majivuno ya cheti asingefundishwa. Hapa mwanafunzi aliendelea kuwa mwanafunzi muda mrefu baada ya kuhitimu, na walimu wake hawakujua kusoma Kilatini. Mwaka 1946, alipokuwa mzee wa miaka karibu 80, jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha masimulizi ya maisha yake aliyoyatoa mwenyewe. Ingefaa yasomwe na kila mwanafunzi wa tiba wa nchi hii, ambaye kwa kawaida hutajiwa Hippocrates wa Ugiriki katika mwaka wa kwanza na asitajiwe Atiman hadi anapostaafu.

Mtetezi wa dhiki atasema kwamba mambo hayo ni ya kale, na kwamba daktari wa sasa ana umeme, simu na maabara. Kweli anavyo. Hebu basi msomaji auwaze usiku mmoja wa hospitali ya mkoa, usiku wa kawaida. Mama aliyejifungulia katika zahanati ya mbali analetwa saa tisa usiku, amekwisha kutokwa na damu nyingi. Chupa ya damu ya kundi lake ni moja tu. Mtarajali aliye zamu, aliyeamka tangu jana alfajiri, anasita kumpigia daktari bingwa, kwa kuwa wiki iliyopita alimpigia na akaambiwa kwamba aliyehitimu haulizi mambo ya namna hiyo. Anasita dakika ishirini. Saa kumi na moja mama anafariki. Nje yuko mume wake, ameshika kanga na beseni, na ni huyo kijana wa miaka 26 anayepaswa kwenda kumwambia.

Saa mbili asubuhi kipo kikao cha ripoti. Hapo njia hugawanyika kama ilivyogawanyika Tabora. Kijana anaweza kusimamishwa mbele ya wenzake, akahojiwa kama mshitakiwa na kuketishwa kwa kejeli. Atajifunza kitu, hapana shaka. Atajifunza kuandika faili kwa namna ya kujikinga, kutosema alichosita nacho, na kutompenda mgonjwa kiasi cha kuumia. Mara nyingine atasita dakika arobaini. Au anaweza kukutana na mkunga mzee wa zamu ile, aliyemwona akitoka kwa yule mume, akamvuta kwenye chumba cha wauguzi, akamwambia: “Keti kwanza, mwanangu. Kunywa chai. Halafu uniambie tangu alipoingia ulifanya nini.” Na kikaoni mkubwa wake anaanza kwa kusema kwamba simu ile alipaswa kupigiwa, na kwamba sababu ya kutopigiwa inamhusu yeye mwenyewe. Hapo ndipo zile dakika ishirini hutajwa, na kikitajwa kitu kinaweza kurekebishwa. Dhiki ni ileile katika njia zote mbili. Mama ni yuleyule, naye hakurudi.

Kwamba uchovu wenyewe haufundishi, hilo limepimwa. Utafiti uliofanyika katika wodi za wagonjwa mahututi za hospitali moja ya Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2004 katika The New England Journal of Medicine, ulilinganisha watarajali waliofuata ratiba ya kawaida, yenye zamu za saa 24 na zaidi, na waliopunguziwa saa. Waliofuata ratiba ya zamani walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi. Inafaa kukumbuka kwamba wodi zile hazikosi damu wala oksijeni.

Kuna dhiki nyingine isiyoingia katika vipimo vya Boston, nayo ni ya ukoo. Daktari kijana wa Tanzania mara nyingi amesomeshwa na wengi. Huko Urambo na Kaliua kuna familia zilizouza tumbaku ya msimu mzima ili mtoto aripoti chuoni. Sikonge kuna walioongezea kwa asali. Kuna shangazi aliyeuza ng’ombe na hakumwambia mumewe. Siku kijana anapovaa koti jeupe, simu huanza. Binamu anaumwa jino, ada ya mdogo haijalipwa, paa la baba limeng’oka. Posho ya mtarajali ikichelewa, hakuna anayeamini kwamba daktari hana nauli. Mwaka 2012 mgogoro wa posho ulioanzia kwa watarajali wa Dar es Salaam ulipanuka ukawa mgomo wa madaktari, na mengi yaliandikwa kuhusu tamaa yao. Machache yaliandikwa kuhusu watu wanaosubiri nyuma ya ile posho. Ukoo unaomlemea kijana huyu ndio huohuo unaomshika asianguke, na haiwezekani kumshauri aukate. Kinachowezekana ni ndugu kumruhusu, kwa mwaka huo mmoja, kusema hana, bila kuhesabiwa kuwa amejitenga.

Na kuna mchumba au mwenzi. Wakubwa wa kazi hulichukulia suala hili kama udhaifu wa vijana, pengine kwa sababu ndoa zao wenyewe ziliponea chupuchupu. Kijana aliyepangiwa Tabora na mwenziwe akapangiwa Songea hupoteza zaidi ya faraja. Hupoteza mtu pekee ambaye mbele yake anaweza kusema aliogopa. Pale mpango wa vituo unaporuhusu wawili hao wawe mkoa mmoja, ruhusa hiyo ihesabiwe kuwa usalama wa wagonjwa, isihesabiwe kuwa upendeleo.

Wagonjwa na ndugu zao, ambao nao husoma ukurasa huu, wana sehemu kubwa kuliko wanavyodhani. Mtarajali hujifunza kwao zaidi ya anavyojifunza kwa bingwa, kwa kuwa bingwa humwona kwa dakika chache wakati wa mzunguko na mgonjwa humwona siku nzima. Mzee anayesubiri kijana atafute mshipa mara ya pili bila kumtukana, kisha akamwambia kwa upole kwamba mara ya kwanza aliumia, amefundisha masomo mawili kwa pamoja. Bibi anayemrudishia salamu ya Kinyamwezi hadi aiweze amempa kijana wa Mtwara ukoo wa muda. Hii haina maana kwamba mgonjwa avumilie uzembe. Aulize, adai maelezo, amkatae asiyejitambulisha. Ila ajue kwamba yule aliye mbele yake bado anaumbwa, na kwamba mikono inayomuumba ni pamoja na yake.

Kwa upande wa hospitali, linalohitajika halina bei kubwa. Kila mtarajali apewe mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, asiye yule anayemtilia sahihi ya kufaulu, na wakutane hata pasipo tatizo. Simu ya usiku ya kuomba msaada isiwe kosa, na anayeipokea kwa kejeli ndiye aitwe kujieleza. Mtarajali akibadilika, akaacha kula na wenzake, akawa hasemi, akazungumza kana kwamba uhai umemchosha, aulizwe waziwazi kuhusu sonona na kuhusu kujidhuru, na apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili kama ambavyo angepelekwa mwenye malaria kali. Wala asirudishwe zamu siku hiyo kwa sababu wodi ina upungufu. Kasekera hapako mbali na wodi yoyote.

Daftari la utarajali huhesabu watoto aliowazalisha kijana, upasuaji aliousaidia na aliouongoza, kila jambo kwa tarehe na sahihi. Liongezewe mstari mmoja baada ya kifo cha kwanza cha mgonjwa wake, wa kuandika alizungumza na nani na kwa muda gani; na mkuu wa idara akikuta mstari huo uko wazi, asimwite mtarajali, awaite waliokuwa zamu pamoja naye.